Laptopu ya 2014 imekuwa nzito: nitie SSD, ninunue ex-UK au nihamie Linux?

mwalimu_kayole
Hamjambo wadau. Laptopu yangu niliinunua 2014: chipu ya Core i5 ya kizazi cha nne, RAM 4GB, HDD (diski ya kuhifadhia) ya 500GB, Windows 10. Nikiiwasha jioni, watoto wanamaliza chai kabla haijatulia. Nikifungua Word, inaganda. Kazi zake ni maazimio ya kazi na mitihani ninayotunga, eCitizen, kazi za watoto za shule, na picha zote za familia tangu kifungua mimba wangu azaliwe.

Nimetenga elfu 15. Fundi mmoja huko tao aliitazama tu, hata hakuiwasha, akasema imekwisha, ninunue ex-UK, yaani iliyotumika Ulaya ikaletwa huku. Jirani anasema nitie SSD, ile diski ya kisasa, badala ya HDD. Kijana wangu anasema Linux, mfumo wa bure badala ya Windows. Naomba kusikia kutoka kwa waliopita njia hizi.

fundi_bisibisi
Mwalimu, usitoe hata shilingi kabla hatujajua kinachoilemea. Iwashe, ikae dakika tano bila kufungua chochote, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Utaona safu za CPU, Memory na Disk. Disk ikiganda kwenye 100 huku CPU ikicheza chini ya 20, mgonjwa ni HDD. Memory ikipita 90, RAM ndiyo haitoshi. Tuletee namba.

mwalimu_kayole
Nimefanya hivyo. Disk 100, haishuki. CPU 14. Memory 78, lakini nikifungua kurasa nne za intaneti inapanda hadi 93.

fundi_bisibisi
Basi mashine yako haijafa, na huyo aliyekuambia imekwisha hakukutendea haki.

HDD nyingi za laptopu huzunguka mara 5,400 kwa dakika. Ndani kuna mkono mdogo unaosogea juu ya sahani kutafuta kila kipande cha faili. Windows 10 husoma vipande vidogo vingi kwa wakati mmoja, kwa hiyo mkono ule unashinda ukikimbia huku na huko, na wewe umekaa unatazama kiduara kikizunguka. SSD haina kinachozunguka wala kusogea, kipande chochote inakifikia papo hapo.

Ukienda dukani, taja hivi: SSD ya SATA, inchi 2.5. Usiuziwe ile nyembamba ya NVMe kwa sababu umeambiwa ina kasi zaidi. Laptopu nyingi za miaka hiyo hazina pa kuichomeka. SATA inafika karibu megabaiti 500 kwa sekunde, na kwa kazi zako hutaona tofauti. 256GB inatosha ikiwa picha zitakaa kwingine.

Kuhusu RAM, kizazi cha nne kwa kawaida hutumia aina ya DDR3L ya volti 1.35. DDR4 haiingii hata ukisukuma, pengo lake limekaa mahali tofauti. Fungua kifuniko cha chini uhesabu nafasi kwanza, maana kuna laptopu nyembamba ambazo RAM imechomelewa kwenye ubao na huwezi kuongeza. Ukipata nafasi, ongeza 4GB ziwe 8. Vyote viwili havimalizi elfu 15 zako.

Ila hizo picha zihamishe kabla fundi yeyote hajashika bisibisi.

dada_wa_saiba
Hapo kwa picha naomba nisimame kidogo, maana liliniuma. Niliwahi kupeleka mashine yangu kwenye duka moja, nikawaambia tu ni nzito. Nilipoichukua ilikuwa inaruka kama mpya. Walikuwa wameweka Windows upya bila kuniuliza. Picha za harusi ya dada yangu hazikuwepo, na hakuna aliyekuwa na nakala. Nililia njiani hadi nyumbani.

Kwa hiyo mwalimu, pakua kwanza CrystalDiskInfo, ni ya bure. Ukiifungua itakuonyesha afya ya diski kwa rangi. Bluu ni salama, njano ni tahadhari, nyekundu ni mbaya kabisa. Ikiwa njano, usianze kupanga wala kufuta chochote. Nakili tu, ukianza na zile ambazo huwezi kuzipata tena popote duniani.

Pa kuzihifadhi: Google wanatoa 15GB za bure, lakini hizo zinagawanywa kati ya Gmail, Drive na Photos, na picha za miaka kumi zitazijaza haraka. Tena kuzipandisha zote ni bando nyingi. Diski ya nje ndiyo ninayoipendekeza. Flashi ni ya kubebea kazi kwenda kuchapisha. Kila wiki hapa saiba naletewa flashi ambazo hazifunguki, na mwenyewe hana nakala nyingine.

mzee_wa_southb
Mimi niko upande wa ex-UK, na nina sababu. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 rasmi inataka TPM 2.0, yaani chipu ya usalama, na kwa Intel wanaanzia kizazi cha nane, ukiacha chipu chache za cha saba. Laptopu ya mwalimu haiingii. Unatia pesa kwenye nyumba ambayo mwenyewe ameshatoa notisi.

Lakini ex-UK nayo ina macho yake. Mimi huenda na flashi, nusu saa naketi dukani. Nafungua Command Prompt, naandika powercfg /batteryreport, inatoa ripoti ya betri. Humo kuna namba mbili za kulinganisha: uwezo iliotoka nao kiwandani na uwezo inaobeba leo. Niliwahi kuonyeshwa moja iliyong'arishwa vizuri sana, ripoti ikasema betri imebaki na thuluthi moja. Naingia BIOS pia, ile mipangilio ya kabla Windows haijawaka, kuona kama ina nywila ya kampuni iliyoitumia zamani. Halafu naandika sentensi ndefu nikibonyeza kila herufi, kwa sababu nyingine hutoka Ujerumani, Y na Z zimebadilishana mahali. Ile ya Uingereza kweli hujulikana kwa alama ya pauni juu ya 3, na waya wake unaingia soketi zetu bila adapta.

Mwalimu, nikuambie ukweli: mara ya mwisho nilipozunguka Moi Avenue, kwa elfu 15 nilikuwa naonyeshwa kizazi cha tano na cha sita. Hizo nazo haziingii Windows 11. Ongeza pesa au subiri.

mwanafunzi_juja
Mwalimu, kijana wako hajakosea. Linux Mint inafanya kazi vizuri na RAM ya 4GB, na unaweza kuijaribu kutoka kwenye flashi bila kugusa Windows. Masasisho ni bure. Mimi ndiyo ninayotumia chuoni.

Ila wewe unatunga mitihani. LibreOffice inafungua faili za Word, lakini jedwali na michoro mara nyingine husogea, swali la 7 likaenda ukurasa wa pili. Na faili za Excel zenye makro, yaani amri za kujiendesha, zinaweza kugoma. Kama shuleni wote wanatumia Word, utateseka. Tena kwenye HDD hiyo hiyo hata Mint itakuwa nzito. SSD huikwepi.

githurai_45
Na stima ikipotea? Betri inashika?

mwalimu_kayole
Dakika kumi hivi.

githurai_45
Zinatosha kuhifadhi kazi na kuzima vizuri. Kitu kimoja tu: stima ikipotea chomoa chaja, ikirudi subiri dakika chache ndipo uchomeke. Mtaani kwetu ikirudi huja na kishindo, na jirani aliunguza chaja mbili.

fundi_bisibisi
Mzee wa South B amesema kweli kuhusu Windows 10, siwezi kupinga. Ila kuna mpango wa kujiandikisha kupata masasisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026. Uko ndani ya Settings, kwenye Windows Update. Mwalimu, jiandikishe. SSD utakayonunua haitapotea: siku ukipata ex-UK yenye nafasi ya inchi 2.5 unaihamisha, na usipoipata inakuwa diski ya nje.

Na ukienda kwa fundi, keti hapo hapo. Kazi yenyewe haifiki saa mbili. Usiache mashine usiku.

mwalimu_kayole
Wadau, nimerudi baada ya wiki mbili.

Dada wa saiba, Mungu akubariki. Ile programu ilionyesha njano. Nilinakili picha usiku huo huo kwenye diski niliyoazima kwa mwenzangu wa shule, ikachukua hadi saa nane. Katika folda ya 2016 picha tatu hazikufunguka, zilizobaki zote ni nzima. Jumamosi nikaenda Luthuli, nikaketi kando ya fundi, akafungua skrubu mbele yangu. SSD ya 256GB, RAM sasa ni 8, Windows imewekwa upya. Pamoja na ufundi nimetumia elfu 8 kasoro kidogo, na iliyobaki imeninunulia diski ya nje ya kwangu. Inawaka kabla sijavuta kiti. Nimejiandikisha kwa masasisho kama nilivyoelekezwa, na mwisho wa mwezi naanza kuweka kidogo kidogo ya kizazi cha nane.

dada_wa_saiba
Nimefurahi sana. Nakala ya pili umeiweka wapi?

mwalimu_kayole
Bado iko kwenye diski ya mwenzangu. Jumapili naihamishia flashi mpya mbili, nizipeleke kwa dada yangu Rongai.

dada_wa_saiba
Flashi hapana, mwalimu. Ngoja mshahara, nunua diski nyingine. Ya mwenzako usiifute hadi siku hiyo.