Mjadala: Magari ya serikali nayo yafungwe VTS (kile kidude cha kufuatilia gari na spidi yake) kama mabasi, ndiyo au hapana?

Mtumba Kila Siku:
Wakuu habari za jioni. Naleta hoja na naomba sana tusiipeleke kwenye vyama, hii ni hoja ya barabara tu.

Sisi wa hapa Dodoma wa kwenda na kurudi Mtumba tunajua barabara ya Morogoro ilivyo asubuhi kuanzia pale Nanenane mpaka Mji wa Serikali. Malori, kosta za watumishi, bajaji zimejaza watu wa Ihumwa, boda, sisi wenye vi-IST vyetu, halafu na wale wakubwa. Na kipindi cha Bunge la bajeti ndio usiseme, kuanzia Aprili mpaka Juni mji unajaa mashangingi ya V8 hadi unajiuliza zilikuwa zinalala wapi.

Juzi nipo nyuma ya tela limebeba kontena, linakwenda arobaini, mbele naona kosta inakuja, mstari wa katikati haujakatika, nikatulia zangu. Kwenye kioo naona V8 nyeupe, namba za STK, yaani gari la serikali, inakuja imewasha full mchana kweupe, ikanigandia nyuma mpaka bampa silioni tena naona ile nembo ya kwenye shoo tu, taa, honi, taa. Sasa niende wapi, niingie uvunguni mwa tela? Akachomoka. Kosta ikashuka lami ikatimua vumbi kwenye changarawe, pale pale akina mama wanapopangaga ndoo za zabibu, tela akakanyaga breki na mimi nikakanyaga, jamaa akachomekea katikati yetu. Alivyokuwa ananipita nilimwona vizuri mtu wa kiti cha nyuma kushoto, yuko kwenye simu, hata kichwa hajainua.

Hoja yangu ndio hii. Mabasi ya mikoani yamefungwa VTS, LATRA, wale wasimamizi wa usafiri wa ardhini, wanakaa ofisini wanaona basi gani linakimbia na nani analiendesha. Gari la serikali linalowekwa mafuta kwa kodi yangu halina wa kuliangalia. Yafungwe yote, STK, STL, SU, DFP, hayo yote. Taarifa ziende kwa trafiki na kwa mwajiri, na kila miezi mitatu zibandikwe hadharani, wizara fulani magari yake yamezidisha spidi mara kadhaa, basi. Kufunga sio shida maana magari yenyewe yanapita TEMESA, karakana za serikali, kwa matengenezo. Nawasilisha.

Suka wa Masafa:
Umegusa kidonda mkuu. Mimi naendesha basi Dar Mwanza, nikueleze hicho kidude kinavyofanya kazi maana wengi wanakisikia tu. Kwanza uwe na i-button yako, ndio inayosema nani yuko kwenye sitaring. Ukifika themanini na kitu kinaanza kulia, na hakilii kwa siri, abiria wote wanasikia, mama wa siti ya tatu anapiga kelele suka punguza, kijana wa nyuma ashatoa simu anarekodi. Wakati huo taarifa ishaenda. Ukichezea nyaya wanajua, basi linafungiwa, tajiri anakutafuta wewe.

Sasa nipo Pandambili na themanini yangu nimetulia kama mtu anayekwenda ibadani, V8 inanipita utadhani mimi nimepaki. Mbele kuna tochi. Anayesimamishwa nani? Mimi. Naulizwa leseni, naulizwa mtungi wa kuzimia moto, yule kapigiwa saluti.

Lakini na nyie wa vi-IST msijitoe. Tangu mabasi turuhusiwe kutembea usiku Oktoba 2023 ndio nimejua watu wa magari madogo hawajui kama taa huwa zinashushwa. Mtu kafunga taa za dukani zinapofua macho, unamwashia unamzimia, yeye kimya, anakuja nazo hivyo hivyo mpaka mnapishana. Ukipofuka sekunde mbili mbele yako Chalinze Nyama kuna ng'ombe wanavuka, hapo utasema dereva wa basi muuaji.

Mkazi wa Area C:
VTS ya nini tena wakati SGR ipo toka 2024. Wapande treni.

Boda wa Sabasaba:
Mimi nimefurahi tu leo hatujatajwa sisi. Maana kila mada ya barabarani humu inaishiaga bodaboda. V8 ikichomekea mbele yako wewe wa IST unakanyaga breki, mimi nakwenda mtaroni na abiria wangu. Naunga mkono.

Mtumba Kila Siku:
Boda nyie mada yenu ipo njiani usijali, pale kipilefti mnavyopita kulia kushoto tutakuja kuongea 😂

Dereva Mtumishi:
Mimi ni dereva wa serikali, sisemi wapi. Nimesoma yote nikasema ninyamaze, nimeshindwa.

Mnatuongelea kama vile sisi tunaamka asubuhi na hamu ya kukimbia. Nina familia hapa Nkuhungu, nina watoto wanaosoma, kwa nini nipende kufa? Ngoja niwape hesabu. Bosi ana kikao Dar saa nne asubuhi. Anakwambia tutoke saa kumi na moja alfajiri maana jana kalala saa saba kwa kazi na huwezi kumwambia kitu. Dodoma Dar ni kama kilomita 450. Saa kumi na moja mpaka saa nne ni masaa matano, gawanya mwenyewe, inakuja tisini. Na hiyo tisini ni wastani, bila kuchimba dawa, bila chai, ndani yake toeni Kibaigwa, Gairo, Dumila, Morogoro mjini, Chalinze, Mlandizi na Kibaha ambako kote kibao kinasema hamsini na foleni ipo. Ili huo wastani utoke lazima kwenye pori niende mia na thelathini, mia na arobaini. Aliyepanga ile safari ameshaamua spidi kabla mimi sijawasha gari. Nikifika saa tano nina maelezo ya kutoa, nikikataa kabisa naambiwa mzee umechoka, kesho gari anapewa kijana na mimi nakaa benchi chini ya mti hapo ofisini, na ukikaa benchi posho ya safari huioni, na mnajua mshahara wa dereva.

Na wewe wa SGR unaongea vitu usivyovijua. Bosi anapanda treni, ndiyo, wengi siku hizi wanapanda. Akishuka Dar anataka gari lake. Kwa hiyo mimi natangulia na V8 tupu, au mbaya zaidi tunaondoka pamoja, yeye kwenye treni na mimi kwenye lami, halafu nitakiwe nimkute. Niambieni nani anaweza kushindana na ile treni bila kuua mtu.

Fungeni VTS. Kitalia, mimi ndio nitaandikiwa barua, aliyesema "kanyaga tutachelewa" atashuka na begi lake anaingia kikaoni.

Suka wa Masafa:
Daah hiyo ya kufukuzana na treni sikuwahi kuijua.

Mpenda Sheria:
Naomba niingize kitu ambacho kila mtu anakiruka. Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973. Ilivyoandikwa, maeneo ya makazi mwisho ni 50 kwa wote. Nje ya makazi, 80 imewekwa kwa magari yenye uzito unaozidi kilo 3,500, ndio maana basi na lori wanabanwa. Gari dogo nje ya makazi halikuwekewa namba, mpaka pawe na kibao. Sasa V8 pamoja na ukubwa wake wote kwenye karatasi iko chini ya hizo kilo 3,500. Kwa maana hiyo anayekwenda 150 kwenye pori la Pandambili trafiki akitaka kumbana kwa spidi peke yake hana namba ya kumsomea, itabidi aende kwenye uendeshaji wa hatari, ambao lazima authibitishe.

Na LATRA wanasimamia usafiri wa kibiashara. V8 ya wizara haina leseni yao, watamfungia nini? Kwa hiyo mtoa mada kidude chako kitalia kwa kosa ambalo halipo na taarifa itafika kwa mtu asiyehusika. Anzeni na sheria.

Mtumba Kila Siku:
Nimekuelewa kaka na hiyo ya kilo umenifungua. Ila angalia, mimi sijasema nataka mtu apigwe faini. Elfu thelathini kwa mtu wa V8 ni nini, na mara nyingi hailipi yeye. Serikali ni mwajiri, haihitaji Bunge kumwambia dereva wake mwisho wako ni mia, inatosha waraka. Si kulikuwa na utaratibu magari ya serikali yapaki jioni saa kumi na mbili mpaka uwe na kibali, uliwekwa na sheria gani ya 1973? Ni maelekezo ya kazini. Na hii iwe hivyo hivyo.

Mzalendo Kimya:
Hapana. Magari ya viongozi kuonekana yalipo kwenye mtandao ni suala la usalama wa nchi. Mkidukuliwa mtasemaje.

Mtumba Kila Siku:
Nani kasema tuone yalipo? Nimesema idadi, tena ya wizara nzima, baada ya miezi mitatu. Adui atafanya nini na habari kwamba wizara fulani ilizidisha spidi mara nyingi mwezi wa pili? Na msafara wa wakuu wenye polisi mbele siongelei, ule una taratibu zake, tunajua unapita tunapaki pembeni. Naongelea mkurugenzi msaidizi anayewahi semina.

Mama wa Nzuguni:
Nyie wanaume mnaongelea Pandambili na Gairo, mimi naongelea hapa nyumbani. Watoto wa shule za msingi huku wanavuka barabara kubwa asubuhi, zebra ipo imefutika rangi, tunawavusha wenyewe kwa zamu na bendera ya kitambaa chekundu. Unanyoosha bendera, gari la kwanza linasimama, mtoto anaanza kuvuka, la nyuma yake linaovateki lile lililosimama! Anajiuliza huyu kasimama nini badala ya kujiuliza kwa nini kasimama. Na hao sio V8 peke yake, ni kosta, ni Noah, ni mwanamke mwenzangu kwenye Vitz kapaka lipstiki nzuri.

Sasa swali langu kwa suka, kidude kinalia ukifika themanini na kitu. Mtu akipita mbele ya zebra yangu na sabini kitalia?

Suka wa Masafa:
Hakilii mama. Sabini yeye anaona yuko salama.

Mama wa Nzuguni:
Basi mimi nataka tuta. Tuta halina bosi.

Mtumba Kila Siku:
Mama heshima yako, ila taarifa za kile kitu zinabeba na eneo gari lilipokuwa, kwa hiyo anayezisoma akitaka ataona sabini ya Nzuguni ni kosa na sabini ya porini sio. Ni kutaka tu. Na matuta hapo ni barabara kuu, malori yakianza kupanda na kushuka tuta moja moja foleni itaanzia kwako mpaka Ihumwa.

Mama wa Nzuguni:
Foleni haijawahi kuua mtoto.

Boda wa Sabasaba:
Mama umemaliza.

Mpenda Sheria:
Hajamaliza, tuta lisilo na alama usiku linaua boda vizuri tu, wewe ndio wa kwanza kulijua ukiwa hewani. Ila kwenye zebra ya shule namuunga mkono, liwekwe na rasta, vile vituta vidogo vidogo, kabla yake na kibao. Barabara ya mzunguko ile ya kilomita 112 ikikamilika yote malori ya masafa hayana sababu ya kupita Nzuguni, foleni anayoiogopa mtoa mada itapungua yenyewe.

Dereva Mtumishi:
Narudi kwenye hoja maana mmenikimbia. Mimi sipingi VTS. Nipeni hivi, kila gari la serikali lina logbuku, naandika nimetoka wapi, naenda wapi, kilomita, anasaini aliyenituma. Ongezeni vyumba viwili tu, saa tuliyotoka na saa aliyotaka tufike. Asaini bosi mwenyewe kwa mkono wake kabla sijawasha gari. Kidude kikilia, mkiniita kwenye kikao cha nidhamu nakuja na lile buku, tunagawanya kilomita kwa masaa wote tukiwepo mezani. Hapo nitakuwa wa kwanza kupeleka gari TEMESA lifungwe.

Mtumba Kila Siku:
Hiyo naichukua mkuu, naiongeza kwenye hoja. Ila hata hivyo ile juzi yangu na V8, pale Ihumwa, kosta ilishushwa lami na ilikuwa imebaki kama kilomita nne mfike Mtumba. Nne. Hapo bosi alikuwa anawahi kitu gani?

Dereva Mtumishi:
Hapo sina cha kumtetea. Huyo ni yeye mwenyewe.

Suka wa Masafa:
Mwambieni na i-button apewe bosi, kikilia kilie kiti cha nyuma kushoto.