Nimekatwa mshahara kwa kuteremsha maboksi 8 ya samaki uwanja wa Manda

Assalam aleikum wadau, na wengine wote habari zenu. Uzi huu utakuwa mrefu mniwie radhi, nimekaa na hili jambo wiki mbili linanikaba koo na leo nimeshindwa.

Mimi ni rubani. Si wa zile ndege kubwa mnazoziona zikipita juu ya Changamwe na watalii, mimi naendesha Caravan ya mizigo, kampuni ndogo tu, tunatokea hapa Mombasa uwanja wa ndege wa Moi, na jina la kampuni sitalitaja kwa hivyo msiniulize. Kama hamuijui Caravan ni ile ya injini moja, mabawa juu, na hii yetu chini ya tumbo imefungiwa kitu kama sanduku la kuongezea mzigo. Narusha peke yangu, kiti cha pili hakina mtu. Asubuhi twapeleka dawa, spea, vifurushi na bidhaa za maduka Lamu, kurudi twabeba samaki, kamba na kaa wa mahoteli. Kazi naipenda, nasema mapema kabla hamjaanza kuniambia niache. Babangu aliuza shamba la minazi Kilifi ili nikasome urubani uwanja wa Wilson, Nairobi, ukoo mzima mimi ndo wa kwanza kushika usukani wa ndege, siwezi kuamka siku moja nikasema basi.

Haya sasa sikilizeni.

Uwanja wa Lamu hauko Lamu yenyewe, uko ng'ambo kisiwa cha Manda, kwa hivyo samaki wanakuja na boti mpaka gatini, halafu mahamali ndo wanawapandisha hadi kwenye ndege. Karatasi ya mzigo, lodishiti, nakuta mtu wa kampuni ashaijaza: maboksi 40, kila moja kilo 31, jumla kilo 1,240. Ndege ikiwa na mimi ndani na mafuta ya kurudi Mombasa pamoja na akiba, hesabu yangu huniruhusu kama kilo 1,270 hivi. Kwa karatasi niko sawa, natia sahihi, naruka. Nimetia sahihi hivyo miezi na miezi.

Mwezi uliopita ndege ikakataa. Ilikuwa saa saba mchana, jua la Manda mnalijua, upepo hakuna, nimefungua nguvu zote na ndege yakimbia tu kama lori la saruji linalopanda Mazeras, spidi haiji, ranwei inaisha mbele yangu, mara pua ikanyanyuka kabla sijaiambia inyanyuke na honi ya stoli ikaanza kulia. Kwa wasiojua, hiyo honi inakwambia mabawa yanakaribia kuacha kubeba ndege. Nikasukuma pua chini, na mwili wako wote unakwambia vuta juu kwa maana ardhi iko hapo hapo, lakini ukivuta umekufa. Mikoko ilipita chini yangu karibu mpaka nikaona matope. Nilipofika Moi nikazima injini nikabaki kwenye kiti, miguu haishuki. Sikumwambia mtu hata mke wangu.

Nikaanza kuwaza. Mbona wakipakia, ile nguzo ya kushikilia mkia ikichelewa kuwekwa ndege inataka kukaa kitako? Mbona pua nyepesi hivi? Nikaenda soko la Kongowea nikanunua mizani, ile ya kuning'iniza yenye ndoano, nikaitia kwenye begi langu na vitabu.

Safari iliyofuata ya Manda nikapima boksi la kwanza. Kilo 39. La pili 38. Nikasema labda mizani mbovu, nikapima jeri la maji la lita 20 lililojaa, likatoka 21 na jeri lenyewe, mizani haina kosa. Boksi la tatu 40, la nne 39, la tano 39. Nikamuuliza mkubwa wa mahamali, mzee wa heshima tu, "Ami, haya maboksi mbona mazito hivi?" Akanijibu pole pole kama anamweleza mtoto: "Kepteni, hizo 31 ni samaki mtupu, barafu hutiwa baada ya kupimwa."

Wallahi nilikaa chini pale pale kwenye lami. Kumbe kila mtu alijua ila mimi ninayetia sahihi!

Pigeni hesabu nami. Kilo 8 za barafu mara maboksi 40 ni kilo 320. Mzigo si 1,240, ni 1,560. Nimezidisha kilo 290, hiyo ni kama watu wazima wanne wamejificha nyuma na hawako kwenye karatasi yoyote. Ndege hii mwisho wake kuruka ni kilo 3,969, na hiyo namba imewekwa na walioiunda, si mimi naleta woga. Ukizidisha uzito, spidi ambayo mabawa huacha kubeba inapanda, ranwei unayohitaji inarefuka, na kupanda juu kunakuwa kwa kuburura, halafu joto linaongezea hapo hapo kwa maana hewa ya moto ni nyepesi na injini pia inachoka nayo. Halafu mzigo wenyewe ukiwa umelundikwa nyuma karibu na mlango kwa sababu mahamali wana haraka ya kurudi kwenye boti, mkia unakuwa mzito na siku pua ikikunyanyukia huna uwezo wa kuirudisha. Na injini ni moja, ikizima na zile kilo 290 za ziada unashuka kwa spidi ambayo hukuipanga mahali ambapo hukupachagua.

Basi nikateremsha maboksi 8. Yakabaki 32, mara 39, kilo 1,248. Nikapanga mwenyewe mazito mbele. Mtu wa kampuni akampigia bosi akanipa simu.

Nikamweleza kila kitu, kwa adabu, namwita mzee, nikamwambia mzee barafu haiko kwenye karatasi na mwezi jana nusra nianguke. Akanyamaza kidogo halafu akasema, nanukuu alivyosema, "Kepteni, kwani umebeba abiria? Nyuma kuna nani wa kuogopa?"

Nyuma kuna nani. Mimi niko mbele! Mimi si mtu? Nina mke, nina watoto wawili, nina mama ananingoja Kilifi kila Idi, lakini kwa huyu bwana ndege bila abiria ni ndege tupu, na kama inaanguka basi imeanguka na samaki.

Ndege iliruka kama ndege, nikashuka Moi salama. Maboksi 8 yakalala Manda, barafu ikayeyuka, samaki wakaharibika. Mwisho wa mwezi nikapewa barua: nimesababisha hasara ya shilingi 136,400, nitakatwa 34,100 kila mwezi kwa miezi minne. Na mshahara wenyewe wanaoukata ni wa miezi miwili nyuma maana hatujalipwa tangu hapo.

Na msidhani ni huku kwetu tu. Februari 2009 ndege ya abiria ilianguka karibu na Buffalo huko Marekani wakafa watu 50, nchi ikawaka kwa hasira, sheria ya marubani kupumzika ikaandikwa upya ikaanza kufanya kazi Januari 2014, lakini marubani wa mizigo wakaachwa nje ya hiyo sheria. Binadamu wale wale, usingizi ule ule, tofauti ni kilichoko nyuma. Agosti 2013, sheria ishaandikwa lakini haijaanza, ndege ya mizigo Airbus A300 ikaanguka ikitaka kutua Birmingham, Alabama, kabla jua kutoka, marubani wote wawili wakafa. Kinasa sauti kilipofunguliwa kikawa kimewanasa kabla ya safari wakizungumza juu ya uchovu na jinsi hiyo sheria ilivyowaacha. Nikisoma hiyo habari mpaka leo napata baridi. Walisema wenyewe, kwa mdomo wao, na muda mfupi baadaye wakafa.

Na hapa nyumbani? Julai 2, 2014, Fokker 50 iliyobeba miraa kwenda Mogadishu ilianguka kwenye jengo Nairobi, Utawala, mara tu baada ya kuruka, watu wanne wote waliokuwemo wakafa. Mei 4, 2020, ndege ya mizigo yenye usajili wa Kenya ilitunguliwa Berdale, Somalia, ikipeleka vifaa vya tiba wakati wa korona, sita wakafa. Niambieni ni wangapi humu mnakumbuka hata mmoja wao. Ingekuwa ni ndege ya watalii tungekuwa tunaadhimisha kila mwaka.

Mambo mengine nayapitia haraka kwa sababu yananiuma kichwa. Kitabu cha kampuni kinasema masaa 100 ya kurusha ndani ya siku 28, sawa, hatuzidishi, lakini masaa ninayokaa Manda kungoja boti ya samaki hayaandikwi popote, natoka nyumbani Mikindani saa kumi alfajiri narudi saa mbili usiku na kwenye karatasi nimefanya kazi masaa matatu. Kitu kikiharibika unaambiwa usiandike kwenye kitabu cha ndege, andika kwenye kikaratasi umpe fundi, kwa sababu kikiandikwa kitabuni ndege inalala mpaka itengenezwe. Fundi wetu ni mtu mzuri ana uzoefu kunishinda mara tatu na yeye pia amefungwa mdomo. SHA, ile bima ya afya ya serikali, wanatukata asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi iko kwenye peislipu, mwanangu alipata homa nikampeleka hospitali naambiwa mchango haujafika, nikalipa pesa taslimu ambazo nilikopa kwa shemeji. Marubani wa mashirika makubwa wana chama, walipogoma Novemba 2022 nchi nzima ilijua. Sisi wa mizigo tuko sita, na wawili kati yetu wana bondi ya mafunzo, yaani kampuni iliwalipia masomo kwa mkataba wasiondoke mapema, wakifungua mdomo wanadaiwa pesa ya rating, yale mafunzo ya kuruhusiwa kurusha aina hii ya ndege, yote kwa mpigo.

Ndugu zangu, mi sikukataa kazi. Nilikataa kilo 290. Kanuni za anga zinasema kabla ya kuruka rubani ndiye wa kuhakikisha uzito na mpangilio wa mzigo uko salama, si bosi, si mwenye samaki. Sahihi ni yangu. Ikianguka wataleta ile lodishiti yenye jina langu waseme kepteni alikubali, na mimi sitakuwepo wa kusema barafu.

---

Nyongeza, saa nne usiku. Nimesoma majibu yote, ahsanteni. Yule aliyesema "samaki wa watu wameoza na wewe wataka huruma", mwenye samaki mimi namwonea huruma kweli, ni mtu wa boti ana watoto kama wangu, na nilimpigia nikamwomba radhi siku ile ile. Kampuni ndo ilimuuzia nafasi ambayo haipo kwenye ndege. Ingempimia na barafu tangu mwanzo angeleta maboksi 32 na hakuna samaki angeoza.

Kuna aliyeuliza nina ushahidi gani, wataniruka waseme barafu hawaijui. Swali zuri, nilikuwa sijalifikiria, nikaenda kutoa ile barua ya makato nikaisoma tena pole pole. Ukurasa wa pili wameorodhesha hasara: samaki maboksi 8, kilo 31 kwa kila boksi, jumla kilo 248 kwa bei ya 550. Mstari wa chini yake: barafu kilo 64, imesamehewa.

Kilo 64, maboksi 8, hiyo ni 8 kwa kila boksi. Na muhuri wa kampuni uko hapo, na sahihi. Kwenye karatasi ya ndege barafu haina uzito, kwenye karatasi ya kunikata mshahara ina uzito mpaka wa kunisamehe!

Nishaipiga picha, nikaiweka pamoja na lodishiti ya siku ile na picha za mizani nilizopiga Manda, na nakala nimempa ndugu yangu. Jumatatu nina ofu, nataka kuandikia KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na pia nipeleke hayo makato mahakama ya kazi hapa Mombasa. Sasa naomba msaada wa kweli, si pole: nani humu ashawahi kupeleka ripoti ya usalama KCAA, ulitumia jina lako au uliificha, na walichukua muda gani kukujibu? Na mwenye kujua wakili wa mambo ya kazi ambaye hatanitaka laki kabla hajafungua faili, aniandikie inboksi. Wale wenzangu wawili wenye bondi wameniomba niulize pia kama bondi inashika ukiondoka kwa sababu ya usalama.

Kesho niko kwenye rota ya Manda, ntasoma majibu jioni nikirudi.