Naomba msaada: magurudumu yaliyojaa macho katika Ezekieli 1

Mama Upendo:
Bwana asifiwe, wapendwa. Nimepangiwa kufundisha kipindi cha Biblia cha vijana Jumamosi hii, na somo ni maono ya Ezekieli kando ya mto Kebari. Upepo wa dhoruba na viumbe hai wanne naweza kuvieleza, ila mstari wa 18, unaosema kwamba vivimbe vya magurudumu, yaani kingo zake za nje, vilijaa macho pande zote, unanipa shida. Binti mmoja ameniuliza kama Mungu anatuvizia ili atukamate tukikosea, nami sikutaka kumpa jibu la haraka. Je, macho haya ni ya kutisha au ya kufariji?

Mjoli:
Shikamoo, Mama. Nakushauri uanze na watu wenyewe waliokuwa wakiishi kando ya mto ule. Ezekieli alikuwa kuhani aliyejikuta uhamishoni Babeli pamoja na mateka wa mwaka 597 kabla ya Kristo, na maono haya yalimjia mwaka 593, hekalu likiwa bado limesimama mbali sana naye. Ezra baadaye alitumia miezi 4 kuusafiri mwendo huo. Sasa yatazame magurudumu: yanakwenda pande zote nne bila kugeuka, na juu yake kuna kiti cha enzi. Yaani Mungu, ambaye wengi walidhani amebaki Yerusalemu, amewafuata mateka hadi nchi ya Wakaldayo, yaani Babeli, na huko anawaona.

Kisha nenda sura ya 8. Nabii anachukuliwa katika maono hadi Yerusalemu, anatoboa ukuta wa hekalu na kuwakuta wazee 70 gizani, kila mmoja na chetezo mkononi, wakifukizia sanamu zilizochorwa ukutani, huku wakisema, "BWANA hatuoni, BWANA ameiacha nchi hii." Kwa maoni yangu, hapo ndipo macho yale yanapoeleweka, kwa sababu yanakanusha maneno ya wazee hao kabla hawajayatamka.

Msomaji wa Torati:
Nakubaliana na Mjoli, lakini tusiiondoe hofu kabisa. Katika 9:9-10 maneno yale yale ya wazee yanarudiwa, na Mungu anajibu kwamba jicho lake halitaachilia. Hata hivyo, Mama, msomee binti huyo 9:4 polepole: kabla adhabu haijaanza, mtu mwenye kidau cha wino anatumwa kupita katikati ya mji na kutia alama katika vipaji vya nyuso vya wale wanaougua na kulia kwa ajili ya machukizo yanayofanyika. Anayeona uovu uliofichwa gizani ndiye anayeyaona pia machozi ya watu ambao hakuna mwingine aliyewajali.

Mama Upendo:
Mbarikiwe sana, sikuwahi kuunganisha sura hizo. Je, yale macho saba ya Zakaria 4:10 niyaingize katika somo hili?

Mjoli:
Yaingize, Mama, lakini kwa ufupi. Hapo ni mwaka 519, watu wamerudi Yerusalemu, hekalu jipya halijakamilika, na wapo wanaoidharau kazi yenyewe kwa udogo wake. Macho ya BWANA yanayopita huko na huko duniani yanafurahi kuiona timazi mkononi mwa Zerubabeli, kiongozi wa ujenzi huo. Kijana aliyezoea kufikiri kwamba Mungu humtazama ili kumhesabia makosa tu anahitaji kusikia kwamba macho hayo hufurahi pia.