Mnaosema LeBron "alifuata pesa" Lakers, pigeni hesabu kwanza

Jamani, imetosha. Kila nyota wa kikapu akihama timu kule Marekani, mabaraza ya Mombasa, kuanzia Mji wa Kale hadi Kisauni, hujaa neno moja tu: pesa. LeBron James, aliyetoka Cleveland kwenda Lakers ya Los Angeles 2018, alifuata pesa. Kevin Durant, aliyehamia Golden State Warriors 2016, alifuata pesa. Barazani naweza kusamehe, watu wako kwenye kahawa yao. Lakini watangazaji wa michezo, ambao kazi yao ni kujua, nao hulirudia neno hilo hewani bila kugusa hata kifungu kimoja cha mkataba. Uzi huu ni wa kuwalalamikia hao. Kuna watu mji huu huamka saa tisa na nusu usiku kutazama mechi ya Cleveland. Hawa si wa kulishwa porojo.

Pesa ipi mnayosema? Mchezaji wa kiwango kile ana mifuko miwili, na haichanganyiki. Wa kwanza ni mshahara wa klabu, unaobanwa na ukomo wa mishahara wa ligi (NBA), yaani kiasi ambacho kila klabu huwekewa cha kuwalipa wachezaji wake wote. Wa pili ni biashara zake za nje, na huo klabu hairuhusiwi kuujaza. Klabu ikimtafutia mchezaji dili la pembeni ili apate zaidi ya kiwango, huko ni kukwepa ukomo na adhabu yake ni nzito. Minnesota Timberwolves waliwekeana na Joe Smith makubaliano ya siri, na mwaka 2000 wakapigwa faini ya dola milioni 3.5 na kunyang'anywa nafasi za raundi ya kwanza za drafti, yaani zamu za klabu kuchagua wachezaji wapya kila mwaka.

Haya, tufanye hesabu ya mfuko wa kwanza, mwaka 2018. Ukomo wa msimu wa 2018-19 ulikuwa dola milioni 101.869. Mchezaji aliyetimiza miaka 10 ligini aweza kulipwa hadi asilimia 35 ya ukomo, yaani milioni 35.65. Kiwango hicho ni kimoja, abaki Cleveland au aende Los Angeles. Tofauti huja baadaye. Klabu yake ya zamani ilikuwa na haki ya kumpa miaka 5 na nyongeza ya asilimia 8 kila mwaka. Klabu mpya humpa miaka 4 kwa asilimia 5. Na hapa ndipo wengi huteleza: nyongeza huhesabiwa juu ya mshahara wa mwaka wa kwanza, si wa mwaka uliopita. Kwa hiyo Lakers inakuwa 35.65, 37.44, 39.22, kisha 41.00. Jumla yake ni kama milioni 153.3. Kwa kanuni hizo hizo, Cleveland wangeweza kufika karibu milioni 207. Hata mwaka wa tano tukiuondoa, miaka minne ya Cleveland yatoa kama milioni 159.7.

Bado kodi. California, jimbo la Lakers, hukata hadi asilimia 13.3 kwa watu wa kipato kile, na kiwango cha juu cha Ohio, jimbo la Cleveland, hakikufika hata nusu yake. Mwanamichezo hutozwa kodi mahali anapofanyia kazi: mshahara hugawanywa kwa siku za kazi, na kila jimbo anakocheza, kama lina kodi ya mapato, hudai fungu lake. Nusu ya mechi huchezwa nyumbani, kwa hivyo jimbo la nyumbani ndilo linalong'ata zaidi. Sasa niambieni, mtu aliyeacha mshahara mkubwa na kodi ndogo akachukua mshahara mdogo na kodi kubwa, alifuata pesa gani?

Mtajibu: biashara, Hollywood. Haya, tazameni tarehe. Hisa za Liverpool alizipata 2011, akiwa timu ya Miami. Blaze Pizza aliwekeza 2012, akiwa Miami. Kampuni yake ya filamu, SpringHill, iliingia mkataba na Warner Bros. 2015, akiwa Cleveland. Mkataba wa maisha na Nike ulisainiwa Desemba 2015, akiwa Cleveland. Hata nyumba mbili za Brentwood, pale Los Angeles, alizinunua 2015 na 2017, akiwa bado na jezi ya Cleveland. Duka lilikwisha kufunguliwa kitambo. Kuhamia kulimsogeza karibu nalo, nakubali, na filamu ya Space Jam iliyotoka 2021 ilikuwa rahisi kuipiga akikaa mji huohuo. Na hilo lina ubaya gani? Hapa kwetu mchezaji akienda timu ya shirika ili apate na ajira ya kudumu, twampongeza na kumwombea heri. LeBron akisogea karibu na ofisi yake, mwamwita msaliti.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kelele hizi zaficha mahali ambapo biashara huingia uwanjani kweli. Si kwenye filamu wala pizza. Ni kwenye mikataba mifupi na kwa wakala.

LeBron aliporudi Cleveland 2014 alisaini miaka 2, mwaka wa pili ukiwa wa hiari yake. 2015 akafanya vivyo hivyo. Kwa mchezaji ni busara, maana ukomo ulikuwa karibu kupanda na alitaka kupanda nao. Kwa klabu ni kisu shingoni: kila kiangazi nyota aweza kuondoka, kwa hivyo uongozi hununua wa leo na kuuza wa kesho. Andrew Wiggins na Anthony Bennett, wote wawili chaguo la kwanza la drafti, waliuzwa ili nyota Kevin Love aje. Kisha Oktoba 2015 mchezaji mwenzake Tristan Thompson akapewa miaka 5 kwa dola milioni 82. Wakala wake? Rich Paul wa kampuni ya Klutch, rafiki wa LeBron tangu ujana na wakala wake pia. Uongozi unaoogopa kumuudhi nyota wake una ubavu gani wa kubishana na wakala huyo? Ubingwa wa 2016 ulikuja, tena wa kihistoria, wakitoka nyuma kwa mechi 3-1 dhidi ya Warriors. Lakini LeBron alipoondoka 2018, mkataba wa Thompson ulibaki na Cleveland wakamaliza msimu kwa ushindi 19 na vipigo 63. Rekodi hiyo hiyo, 19-63, ndiyo waliyoipata 2010-11 alipowaacha mara ya kwanza. Huo ndio uchungu wa shabiki, na hakuna mtangazaji anayeutaja.

Lakers nao waliyaonja. Januari 2019 Anthony Davis, mteja mwingine wa Paul, aliomba hadharani kuondoka New Orleans na ligi ikamtoza dola 50,000. Vijana wa Lakers wakawa wanacheza wakijua majina yao yako mezani, wabadilishwe na Davis. Tarehe 5 Februari Indiana wakawafunga 136-94. Msimu ukaisha 37-45, bila kuingia mchujo wa ubingwa. Ndiyo, Davis alikuja na ubingwa wa 2020 ukapatikana, siufichi. Nasema tu kwamba kama mwataka kulaumu biashara, laumuni hapa.

NYONGEZA, kwa wanaoniletea Durant na Silicon Valley, eneo la makampuni ya teknolojia jirani na Golden State. Mlango wa Golden State 2016 ulifunguliwa na televisheni. Mkataba mpya wa matangazo, dola bilioni 24 kwa miaka 9, uliurusha ukomo kutoka milioni 70 hadi 94.1 kwa msimu mmoja. Stephen Curry, nyota wa Golden State, alikuwa bado analipwa kama milioni 12, kwa mkataba wa zamani wa enzi za majeraha ya kifundo cha mguu. Bila viwili hivyo Durant hangeingia hata angependa makampuni ya teknolojia vipi. Na 2017 alikubali kama milioni 25 ilhali kanuni zilimruhusu zaidi ya 34, ili wenzake Iguodala na Livingston wabaki. Anayesema huyo naye alifuata mshahara aniwekee hapa hesabu yake, mstari kwa mstari, nami nitaijibu.