Mume wangu anagombea udiwani kwa chama nisichokipigia kura. Nivae kanga yao?

Bint Kisima (Unguja)

Asalaam alaykum, na shikamooni wakubwa zangu.

Nina miaka 13 ya ndoa na watoto 3. Mmoja wetu ni CCM, chama tawala, mwingine ni ACT-Wazalendo, chama cha upinzani. Nani ni nani sisemi, maana nikitaja tu, nusu yenu mtaacha kunisikiliza.

Naomba mniamini nikisema tunapendana. Jioni huwa tunakaa ukumbini, yeye anapara samaki mimi nakuna nazi, redio iko katikati. Akizungumza kiongozi wangu, mume wangu hunyoosha mkono wenye magamba akaongeza sauti, kisha anaendelea na samaki wake. Hajawahi kunizimia. Na mimi wa kwake simzimii.

Ulipofutwa uchaguzi wa Zanzibar Oktoba 28, 2015, nilikuwa na mimba ya miezi saba. Mtaa mzima ulikuwa kimya, watu wamefunga milango mchana. Mmoja wetu alikuwa na uchungu mkubwa, mwingine alikuwa na hofu, na usiku ule tulilala tumeshikana mikono. Marudio ya Machi 20, 2016 yakapita, mtoto akiwa na miezi miwili na kitu, na hakuna aliyemuuliza mwenzake umekwenda au hukwenda. Tangu hapo tuna sharti letu: bendera haipandishwi juu ya nyumba hii, na anayeshinda hashangilii ndani.

Sasa mwaka huu mume wangu amepitishwa kugombea udiwani wa wadi yetu. Nimefurahi kwa ajili yake, kwa sababu namjua, ni mtu wa kuhangaikia mitaro na taa za njiani hata bila cheo. Juma lililopita wamekuja akina mama wawili wa kamati na mfuko. Ndani yake mna doti ya kanga za chama. Wanataka siku ya uzinduzi nikae mbele, nimevaa. Mmoja akaniambia, "Mke wa mgombea asipovaa, watu watasema huyu hata nyumbani kwake hana kura."

Mume wangu aliingia, akauona mfuko, akauchukua akauweka juu ya kabati. Hakusema neno. Siku ya sita leo hajasema. Kimya chake kinaniumiza kuliko maneno ya yule mama. Nivae? Niende bila kuvaa? Nibaki nyumbani?

Mwana wa Kale

Dada, mke humfuata mumewe. Kanga ni kitambaa, vaa umsitiri mwenzako, kura yako ibaki moyoni.

Mkunga wa Wete

Mwanangu Bint Kisima, mimi ni mtu mzima, nimezaliwa Pemba na hayo nimeyaona kwa macho.

Baada ya uchaguzi wa Oktoba 1995 sisi tulisusiana. Vijana hawawezi kulifahamu neno hili linabeba nini. Ulikuwa huendi duka la mwenye chama kingine hata kama chumvi imekuishia usiku. Harusi watu hawaalikani. Alipofariki ami yangu, tulitandika mikeka pande mbili za uwanja, na wa upande ule walisimama njiani wakaomba dua kwa mbali, wakaondoka. Walikuwa watoto wa dada yake! Mama yangu aliachwa kipindi hicho. Baba alimpenda, hilo nalijua, kwa sababu alikufa na mkufu wake chini ya mto. Lakini wenzake wa barazani walimwambia mwanamume gani anayelala na mpinzani, na yeye akawasikiliza wao.

Wakubwa wenyewe walikuja kukaa kitako. Rais Amani Karume wa CCM na Maalim Seif, kiongozi wa upinzani wa CUF, walikutana Novemba 2009, kura ya maoni ikapigwa Julai 31, 2010, asilimia 66 wakaikubali serikali ya umoja. Na Maalim Seif huyo huyo alikuwa Waziri Kiongozi kabla hajafukuzwa CCM mwaka 1988. Mama yangu hakurudiwa. Alikuwa ameshazikwa.

Kwa hiyo mimi la kanga si kubwa. Linalonitia hofu ni kuwa watu wa nje wameingia chumbani mwenu na mfuko, na nyinyi wawili mmenyamaza. Zungumza na mumeo leo, usingoje Ijumaa.

Mpita Njia

Tuambie kwanza chama gani tukushauri vizuri.

Bint Kisima

Hapana, ndugu yangu. Ikiwa ushauri wako utabadilika kwa rangi ya kanga, basi hautanifaa.

Fundi Saa

Nataka kumjibu Mwana wa Kale. Kaka, "vaa, kura ibaki moyoni" inaanzia hapo, inaishia "nionyeshe umempigia nani". Baada ya uchaguzi wa 2015 TAMWA Zanzibar, chama cha wanahabari wanawake, walieleza hadharani kuhusu wanawake walioachwa kwa sababu tu ya kura zao. Wengine wana watoto wachanga. Kura ni siri, kwa mke na kwa mume.

Mwana wa Kale

Sikusema aachwe, Fundi. Nimesema amsitiri. Mimi mke wangu angekaa nyumbani siku yangu kubwa ningeumia, huo ndio ukweli wangu.

Nyambura wa Nakuru

Mimi niko Kenya, huku kwetu siasa huja na kabila. Shangazi yangu Mkikuyu aliolewa na Mjaluo, na mapema mwaka 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, ndugu zake walikuja kumchukua na lori pamoja na watoto, eti kwa usalama wake. Mume alibaki amesimama langoni na viatu vya mtoto mdogo mkononi. Uhuru wa Wakikuyu na Raila wa Wajaluo walipopeana mikono Machi 9, 2018, ilikuwa miaka kumi tayari, na mume ana familia nyingine. Dada, hao akina mama wa kamati baada ya uchaguzi watarudi kwao. Wewe ndiye utabaki naye.

Diwani Mstaafu

Niliwahi kugombea, na mke wangu hakuwa wa chama changu. Mtaa mzima ulijua. Nikashinda mara mbili.

Nakwambia kitu ambacho naona hakijasemwa hapa. Kazi ya kuijibu kamati si yako, ni ya mumeo. Mimi nilikosa kama yeye: nilinyamaza, nikidhani nampa mke wangu uhuru, kumbe nimemwachia mzigo peke yake. Mwishowe nilikwenda mwenyewe kwa mwenyekiti wa kampeni nikamwambia, "Anayegombea ni mimi. Mke wangu wageni atawapokea kwa chai na vitumbua kama anavyowapokea watu wote, jukwaani hapandi." Walinung'unika siku mbili tatu, kisha wakanyamaza. Mpiga kura wa wadi anauliza maji yatatoka lini.

Lakini na wewe, mwezi huo wa kampeni, usionekane kwenye mkutano wa mpinzani wake. Si kwa amri, ni kumwonea huruma tu. Mke wangu alifanya hivyo bila kuombwa na mpaka leo namshukuru.

Mkunga wa Wete

Hapo umenena, Diwani.

Bint Kisima

Nimerudi. Mungu awalipe kheri, hasa Bi Mkunga na Diwani.

Jana baada ya sala ya alfajiri nilimuuliza, "Mfuko ule umeuweka juu kwa sababu gani?" Alikaa kimya muda, kisha akasema aliona aibu. Kuniomba nivae aliona aibu, na kuwarudishia aliogopa wataona amekuwa dhaifu kabla hata kampeni hazijaanza. Akasema kila usiku alikuwa akiutazama akiwa amelala. Mimi nilidhani ananingojea niamue mwenyewe ili asilaumiwe. Nililia, na yeye alilia.

Tumekubaliana hivi. Uzinduzi nitakwenda, kwa sababu ni siku yake na nataka kumwona akisimama. Nitavaa baibui langu, nitakaa na mama mkwe na watoto, jukwaani sipandi. Nyumbani wageni wake nitawapikia. Mkutano wa upande wangu mwezi huu nitausikiliza redioni. Na kura, kila mtu yake.

Mama mkwe hajafurahi. Ameniambia namtia mwanawe majaribuni, na leo hakula kwangu. Hilo bado sijajua nitalifanyaje.

Mfuko ameushusha. Uko karibu na mlango, kanga zimekunjwa vile vile kama zilivyokuja, anaupeleka mwenyewe baada ya sala ya Ijumaa.