Ulinganisho: WhatsApp na Excel, OpenProject kwenye seva yetu, au huduma ya kulipia kila mwezi kwa miradi ya maji?

MsimamiziKakamega

Wanajukwaa, salaam. Ninasimamia ratiba katika kampuni ndogo ya ukandarasi inayolaza mabomba ya maji na kujenga matangi Kakamega, Vihiga na Siaya, ofisi kuu ikiwa Kisumu. Tuko watu 12 wanaohitaji kujua kazi imefika wapi: wahandisi, mafomeni, watunza stoo, mhasibu, na mhandisi mshauri wa upande wa mteja. Hadi sasa ratiba hutengenezwa kwa Microsoft Project 2019 kwenye kompyuta moja ya ofisini, ikageuzwa kuwa PDF na kutumwa katika kundi la WhatsApp, ambako kila mmoja huisoma kwa namna yake. Microsoft iliacha kulihudumia toleo hilo tarehe 14 Oktoba 2025, siku ileile iliyoachana na Windows 10, kwa hiyo mkurugenzi ameniagiza nipendekeze njia nyingine kabla ya mkataba ujao kuanza.

Njia ninazolinganisha ni tatu. Ya kwanza ni kubaki na WhatsApp, ratiba ikihamishiwa kwenye Excel ya mtandaoni. Ya pili ni OpenProject, programu ya kusimamia miradi, toleo la jumuiya lisilolipiwa, tukiliweka kwenye seva yetu wenyewe. Ya tatu ni huduma inayolipiwa kwa kila mtumiaji, kama vile Trello, Asana au Planner ya Microsoft. Sifa za kila programu nimezisoma katika tovuti zao. Ninachoomba kwenu ni uzoefu: nani huibeba kazi ya kusasisha programu yenyewe, na ni ipi ambayo watu wa saiti huitumia kweli bila kusukumwa?

Mhandisi_Nyando

Ndugu Msimamizi, nianze na WhatsApp, kwa kuwa watu wako hawataiacha hata ukiwaletea programu ya namna gani. Udhaifu wake hauonekani siku za kawaida. Huonekana pale uamuzi unapobadilika. Katika mradi mmoja kwenye nyanda za Kano, mhandisi mshauri alikubali bomba la milimita 90 la sehemu ya mwisho libadilishwe liwe la milimita 110, akalisema hilo kwa ujumbe wa sauti katika kundi, jioni watu wakiwa wanafunga kazi. Chini ya ujumbe huo zikafuata picha za mtaro uliojaa maji, rambirambi kwa mwenzetu aliyefiwa, na mabishano kuhusu bei ya kokoto. Fomeni aliusikia, mtunza stoo hakuusikia, na ratiba iliyobandikwa ukutani ikaendelea kusema 90. Lori lilipofika Ahero na mabomba ya 90, kila mmoja alikuwa na ushahidi ndani ya simu yake kwamba yeye ndiye aliyefuata maagizo. Muuzaji aliyapokea mabomba yake, lakini nauli ya kwenda na kurudi ilibaki kwa mkandarasi, na mshauri naye hakuwa ametia saini karatasi yoyote ya mabadiliko.

Kwa sababu hiyo mimi hupima programu kwa jambo moja kabla ya mengine yote: je, uamuzi ukishafanywa, una mahali pamoja pa kukaa ambapo kila mtu hupajua? Katika OpenProject kila kazi ina nambari na kiungo chake, na kuna sehemu inayoonyesha nani alibadilisha nini na saa ngapi. Excel ya mtandaoni nayo hutunza historia, ila sijamwona fomeni akiifukua historia ya kisanduku kimoja akiwa amesimama kando ya mtaro. Kundi la WhatsApp libaki la kutangazia. Mtu akikubali jambo kwa sauti, karani wa ratiba aliandike kwenye kazi inayohusika, kisha akitume kiungo chake katika kundi, na mtunza stoo asiagize chochote kisicho na kiungo.

Mkumbuke pia kwamba njia za mawasiliano huongezeka haraka kuliko watu. Watu 6 wana jozi 15 zinazoweza kupeana habari. Watu 12 wana jozi 66. Utaratibu uliowatosha mlipokuwa wachache haukuharibika, ila umezidiwa.

StooButere

Nami ni mtunza stoo, ingawa si yule wa Ahero, na ninaitetea WhatsApp kidogo. Mikono yangu huwa na saruji, mtandao hupotea nikiingia ndani ya kontena, na bando ninanunua mwenyewe. Programu inayonidai nenosiri kila asubuhi nitaiacha kabla ya wiki kwisha, na sitakuwa peke yangu. Fungueni kundi la pili la maagizo pekee, liwekwe hivi kwamba wasimamizi wa kundi tu ndio wanaoweza kuandika, na picha za hati za kupokelea mzigo zitumwe kama faili, kwa kuwa zikitumwa kama picha za kawaida hubanwa na nambari hazisomeki.

FundiSeva_Nakuru

Swali la nani anayesasisha ndilo linalopaswa kuamua kati ya njia ya pili na ya tatu, na mara nyingi huulizwa baada ya pesa kutoka. Huduma ya kulipia husasishwa na kampuni inayoiuza, kwa wakati wake; unaamka unakuta kitufe kimehama na fomeni anakupigia simu. Programu iliyo kwenye seva yako haiguswi mpaka uiguse wewe. Hilo hupendeza mwanzoni, lakini toleo lililoachwa hubaki na mianya ya usalama ambayo imeshatangazwa hadharani, na kadiri unavyochelewa ndivyo kazi ya kulifikia toleo jipya inavyokuwa kubwa. Nimekuta Redmine (programu nyingine ya kusimamia miradi) za taasisi zilizoganda kwa miaka kwa sababu ya programu-jalizi moja tu, yaani nyongeza ndogo ya kuchomekwa, ambayo aliyeiandika aliacha kuitunza, na hakuna aliyethubutu kuiondoa. OpenProject yenyewe, ambayo asili yake ni Redmine, iliacha kutumia MySQL, mfumo wa kuhifadhi data, katika toleo la 10 mwaka 2019, na waliokuwa wameahirisha walilazimika kwanza kuihamisha hifadhidata nzima kwenda mfumo mwingine, PostgreSQL, ndipo waendelee.

Tazama nambari za toleo. Ikibadilika nambari ya mwisho tu, tuseme kutoka 15.0.1 hadi 15.0.2, hicho ni kiraka cha kuziba kasoro na hakina haja ya kusubiri kikao. Ikibadilika nambari ya kwanza, soma maelezo ya toleo mpaka mwisho, kwa sababu huko ndiko huandikwa kile kilichoondolewa. Kisha toa nakala ya akiba: kwa waliosakinisha kwa vifurushi vya Linux, amri ya `openproject run backup` hukusanya hifadhidata, viambatisho na mipangilio. Nakala hiyo itolewe nje ya seva, irejeshwe kwenye mashine ya majaribio, na mtu mmoja wa saiti aifungue kwa simu yake ya kawaida, si kwa kompyuta ya ofisini yenye kioo kikubwa. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa popote siihesabu kuwa nakala.

Kuhusu wakati, usiguse chochote mwezi wa Juni. Mwaka wa fedha wa serikali za kaunti hufungwa tarehe 30 Juni, na majuma yanayoitangulia kila mkandarasi huwa anafukuzia hati za malipo. Mfumo ukilala siku mbili wakati huo, hutasamehewa. Wiki ya kuandaa hati ya malipo nayo iachwe hata katika miezi mingine.

Na kusasisha ni habari inayopaswa kuwafikia watu kama habari nyingine yoyote ya mradi. Mimi huandika ujumbe wa aina hii na kuutuma siku mbili kabla: "Mfumo wa ratiba utafungwa Ijumaa kuanzia saa moja usiku hadi saa tatu. Ripoti za Ijumaa ziingizwe kabla ya saa kumi na mbili jioni. Baada ya hapo, kitufe cha kuongeza picha kitakuwa juu, upande wa kulia. Mwenye tatizo ampigie karani wa ratiba, asiandike katika kundi." Sentensi ya mwisho ndiyo yenye faida kubwa, maana mtu mmoja akiandika "mfumo umekufa" katika kundi, wengine huacha hata kujaribu.

Mashine yenye prosesa nne na kumbukumbu ya GB 4 inawatosha watu 12. Ila ikodisheni kwa watoa huduma wa seva. Kompyuta iliyo chini ya meza ya mhasibu itazimika kila stima inapopotea.

MhasibuMilimani

Meza yangu nimeiona ikitajwa, lakini naunga mkono. Niongeze upande wa fedha. Huduma nyingi za njia ya tatu hutozwa kwa dola, kwa kila mtumiaji, kwa mwezi, ilhali mkataba wenu umeandikwa kwa shilingi. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilikaribia shilingi 160, na kabla ya mwaka huo kwisha ikawa karibu 129; aliyepanga bajeti kwa bei ya kwanza alipata nafuu, lakini mwendo huo unaweza kwenda upande mwingine mkataba ukiwa katikati. Toleo la bure la Trello nalo, tangu 2024, huruhusu washiriki 10 katika eneo moja la kazi, kwa hiyo ninyi mmeshapita.

Njia ya pili pia si ya bure. Kuna kodi ya seva na kuna malipo ya anayeitunza, na mtu huyo akihama na nenosiri kuu, kampuni hubaki nje ya mlango wake mwenyewe. Nenosiri hilo liandikwe, litiwe katika bahasha na kufungiwa kwenye sefu ya mkurugenzi, na libadilishwe kila anapobadilika mtunzaji.

Wala asidhani mtu kwamba kulipia huondoa wasiwasi wa kuachwa. Atlassian iliacha kuzihudumia bidhaa zake za Server, zile za kuwekwa kwenye seva ya mteja, Jira ya kufuatilia kazi ikiwemo, tarehe 15 Februari 2024, na tarehe iliyotangazwa ya kufungwa kwa Project Online, huduma ya Microsoft ya kusimamia miradi mtandaoni, ni 30 Septemba 2026. Kabla ya kulipa, ulizeni data hutokaje. Trello ya bure, kwa mfano, hutoa faili ya JSON, muundo wa data wa watengeneza programu, ambayo mhasibu wa kawaida hawezi kuitumia. Ya CSV, yaani jedwali la maandishi linalofunguka katika Excel, huhitaji kifurushi cha Premium.

MsimamiziKakamega

Nawashukuru. Fundi wa kompyuta tunaye, lakini ni wa kuitwa, hakai ofisini. Nina maswali mawili yaliyobaki. Mafomeni huniandikia "asilimia 90" kwa majuma matatu mfululizo. Je, kuna programu inayolitibu hilo? Na faili za zamani za Microsoft Project nitazifungua kwa programu gani baada ya kuhama?

MratibuBungoma

Hilo la asilimia 90 halina programu ya kulitibu, dada. Hutibiwa na swali unalouliza. Usiulize kazi imekamilika kwa kiasi gani. Uliza zimebaki siku ngapi za kazi, na ni kitu gani kimoja kinachoweza kuziongeza. Fomeni atakayejibu "siku nne, ila nasubiri vali" amekupa habari ya kufanyia kazi, na vali hiyo unaweza kumpigia muuzaji simu leo. Sisi hupokea majibu hayo Alhamisi mchana kwa simu, karani akiyaingiza mwenyewe, ili ratiba inayojadiliwa katika kikao cha Ijumaa iwe ya jana. Nadhani mpango wa kumtaka kila fomeni aingize mwenyewe hushindwa katika kampuni nyingi za ukubwa wenu, na si lazima ushinde.

Jambo moja halijaguswa. Orodha za wenye mashamba ambako bomba linapita, zenye nambari za vitambulisho na za simu, zisiwe katika kundi la WhatsApp lenye watu waliokwisha kuacha kazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu, na data ikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72. Katika programu yenye ruhusa za watumiaji, ruhusa ya kuziona orodha hizo mpe mwenye kazi hiyo peke yake, na siku mtu anapoondoka, akaunti yake ifungwe kabla ya kukabidhi vifaa.

Kwa kuwa fundi wenu ni wa kuitwa, mimi ningeacha kuiendesha seva wenyewe kwa sasa. Wenye OpenProject huuza pia programu hiyohiyo wakiitunza na kuisasisha wao. Anzeni huko kwa mkataba mmoja, na mkipata mtu wa kudumu mtahamishia data kwenye seva yenu.

FundiSeva_Nakuru

Nakubaliana na Mratibu, japo ananinyima kazi. Faili za zamani zifungue kwa ProjectLibre, programu huria iliyotoka 2012, inayosoma faili za mpp na kukaa kwenye kompyuta moja. Ukifungua, kagua kalenda ya kazi kwanza, hasa Jumamosi na sikukuu, maana kalenda ikikosewa tarehe zote za mbele husogea.

StooButere

Kiungo cha kazi kikifunguka bila kunidai nenosiri upya, nitakitumia.

FundiSeva_Nakuru

Kitafunguka. Katika mipangilio ya uthibitishaji, msimamizi wa mfumo huruhusu mtumiaji abaki ameingia kwa muda aliouchagua. Mwezi mmoja unatosha, kwa sharti kwamba kila simu iwe na namba ya siri ya kuifungua, kwa kuwa simu ikidondoka sokoni Luanda, kule Vihiga, atakayeiokota atakuwa ameingia katika ratiba pia. Ikipotea, mpigieni karani kwanza aifunge akaunti, ndipo mwende kituo cha polisi kuandikisha.