Kiwanja kipya Shela, mchanga na ndago tupu: nianzie wapi?

Kizingo
Salaam aleikum wanajamvi. Nimepewa kipande nyuma ya nyumba huku Shela, Lamu, hatua kama 15 kwa 10, hakijawahi kulimwa. Juu ndago na ukoka, chini mchanga. Nataka mchicha, bamia, maharagwe na biringani za kula nyumbani. Jirani ananiambia nichome majani kisha niinue matuta. Mwasemaje?

Bi Kunde
Waaleikum salaam. Usichome mwanangu, mchanga wenyewe hauna mboji, utabaki na nini? Majani mengine yaozeshe. Ila ndago na ukoka ving'oe, uvianike juani mpaka vikauke kau. Na ndago usiipalilie juujuu, ina viazi vidogo chini, vikibaki vinachipua tena. Chimbua, okota. Mvua ikinyesha itatokeza nyingine, urudie. Kazi ya kuchosha, hakuna njia ya mkato.

Mwarobaini
Matuta ya kuinua ni ya udongo mzito unaotuamisha maji. Kwenu maji yanazama papo hapo, na Kaskazi ikivuma tuta linakauka asubuhi tu. Wewe chimba vitanda viwe chini ya usawa wa ardhi, kina cha shibiri moja, changanya samadi ya kutosha, halafu tandaza majani makavu juu.

Kizingo
Samadi si shida, punda wamejaa.

Mwarobaini
Ya punda usitie mbichi. Mbegu za majani zinapita tumboni mwake nzima nzima, utakuwa umejipandia magugu. Irundike, inyunyizie maji, igeuze kila baada ya wiki 2. Ikianza kuoza, ndani huwa ya moto kweli. Miezi 2 au 3, ikinukia udongo, tumia. Maji unatoa wapi?

Kizingo
Kisimani. Yana chumvi kidogo.

Mwarobaini
Basi maharagwe yaache, hayavumilii chumvi kabisa. Weka kunde na spinachi. Panda masika yakianza, mvua ioshe chumvi ardhini, na maji ya paa uyakinge. Ya kisima yateke kwa ndoo tu. Ukifunga pampu ukavuta kwa pupa, maji ya bahari yanapanda kisimani.

Bi Kunde
Mbona hamjamuuliza kuhusu ua? Punda hao hao wa samadi wataingia usiku wamalize mchicha wote. Zungushia kwanza, mwanangu, mbegu baadaye.